SHUKRANI KABLA YA KUPONA (9)

Mmeniacha wiki nzima nimesimama mbele ya madhabahu na maikrofoni mkononi. Asanteni sana. Mkono umekufa ganzi.

Kwa wale mliokuwa safarini: naitwa Godwin, miaka thelathini na moja. Zamani nilikuwa nabeba mizigo ya watalii mlimani, kisha unga ukanibeba mimi miaka sita. Mwishowe nikaanza kliniki mjini Moshi, kule wanakokupa dawa kwenye kikombe kidogo. Unainywa mbele ya nesi, unafungua mdomo akague, unaondoka. Kila siku, hata Krismasi. Miezi minane sikukosa hata asubuhi moja.

Halafu Mama akaandikisha sadaka ya shukrani.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Huku kwetu Mamba, jirani na Marangu, ukishaandikisha usharikani kwamba mwanao amepona, amepona, hakuna mjadala tena. Na aliyepona hashuki kila asubuhi kwenda kunywa dawa. "Watu watasemaje wakikuona Himo na hicho kikadi chako cha kliniki?" Mama aliniuliza Alhamisi. Nikabaki nyumbani Alhamisi. Nikabaki Ijumaa. Jumamosi alosto ya kukosa dawa ikanishika, ikauma mifupa yote mpaka ile nisiyojua kama ninayo. Nikashuka Himo, nikarudi na kete mbili za unga, baada ya kumaliza moja hukohuko. Ya pili niliivuta Jumapili alfajiri nyuma ya zizi. Ya tatu ilikuwa ndani ya soksi yangu wakati mchungaji ananiita mbele nitoe ushuhuda.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

Nilikuwa nimeshaamua, naapa. Nilikuwa nataka kusema kweli, yote, mpaka ya soksi. Nikamtazama Mama.

Alikuwa benchi la mbele, kitenge kipya, ameshaanza kulia kabla sijasema lolote. Huyu ndiye Eunike, mama yangu, aliyekuwa akinitafuta kwenye mitaro ya Moshi kwa tochi ya simu, akiwageuza mateja mmoja mmoja aone kama ni mimi.

"Nimepona," nikasema.

Vigelegele! Kwaya ikasimama bila kuambiwa. Mama akapiga magoti palepale. Mimi nikarudi kukaa na hasira ya kupasua kichwa, nikitafuta wa kumlaumu, nikajikuta ni mimi tu.

Tukatoka nje kwenye mnada. Sadaka za shambani hazilali kanisani, mnajua wenyewe, zinauzwa papo hapo uwanjani, na anayenadi ni Mzee Kornel, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kufika bondeni na utani wa kumtoa mtu hela asizokuwa nazo. Mama alitoa mkungu wa ndizi mshare, jogoo, na ndama jike. Ndama! Mtu mwenye ng'ombe mmoja tu!

"Jogoo wa Mama Godwin!" Mzee Kornel akanguruma. "Jogoo wa shukrani huyu, hawiki, anaimba tenzi! Nani anamtaka?"

"Mimi," ikasema sauti nyuma.

Vichwa vikageuka. Katikati ya suti na vitenge alikuwa amesimama Kiran, kijana wa Kihindi wa duka la vifaa vya ujenzi mjini, fulana imejaa vumbi la saruji. Nilimjua vizuri sana. Mimi na Kiran tulianza kliniki wiki moja, tukatapika kwenye ndoo moja. Watu wakacheka, na hakuna aliyempandia dau, maana wote walitaka kuona atambebaje.

Alimbeba vibaya. Akanivuta nyuma ya ukuta huku jogoo anampiga mabawa usoni.

"Mimi nyama sijala tangu nizaliwe," akaninong'oneza, "na leo nimenunua jogoo kwa ajili yako. Siku nne, Godwin! Nne! Sista Monica kanituma toka kliniki."

"Ningepiga simu, ila..."

"Simu umezima. Hebu nitazame."

Nikatazama viatu. Akaniinua kidevu.

"Umevuta. Mboni zimekuwa punje za ulezi."

"Kidogo tu."

"Nani kakuuliza kipimo? Sikiliza, kaka. Kesho ni siku ya tano. Usipofika kabla ya saa nne asubuhi wanakufuta, na nafasi yako ina watu wanaoisubiri tangu Pasaka. Ukifika, unaanzia dozi ya chini kama mgeni, lakini unaanza. Na lazima uje na aliyekusainia ulipoanza dawa."

Aliyenisainia ni Mama.

Kiran akaja nyumbani na jogoo wake kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umefanya vizuri kuja kwenye furaha yetu."

Akamwekea chai ya maziwa, akampakulia ndizi kutoka sufuria ya pembeni isiyoguswa na nyama, bila kuambiwa. Mama si mtu mbaya. Nawaambia mapema, maana najua mpo mtakaomwandikia mhariri kumtukana.

Sikuzunguka.

"Mama, kesho tushuke wote kliniki."

"Kufanya nini?"

"Kusaini. Nimekosa siku nne."

"Si umepona?"

"Sijapona."

"Umesema mwenyewe. Nimesikia kwa masikio haya, usharika mzima umesikia. Nani alikushika shingo?"

Ningejibu nini? Mdomo ni wangu, maikrofoni nilishika mimi.

"Mama," Kiran akaingilia, "baba yangu ana sukari. Anajichoma sindano kila asubuhi, mwaka wa kumi na mbili huu. Hakuna anayemuuliza atapona lini."

"Baba yako aliuza masufuria ya mama yake?"

Kiran akarudi kwenye chai yake.

"Na hiyo dawa yenu," Mama akaendelea, "ni unga uleule, umetolewa kwenye karatasi ukatiwa kwenye kikombe. Nilivumilia miezi minane nikisema siku moja itakwisha. Sasa imekwisha. Siku nne hajainywa, mbona yupo? Anakula. Jana amelala kama mtoto."

Hapo ndipo nilipovua kiatu, nikavua na soksi, nikaiweka kete juu ya meza, kati ya chai na ndizi.

"Hiyo ndiyo iliyonilaza, Mama."

Akakitazama kile kikaratasi. Nilitamani apige kelele. Nilitamani anizabe kofi. Hakufanya hata kimoja. Alikishika kwa ncha za vidole, akaenda jikoni, akakitupa kwenye moto, akarudi, akakaa.

"Ndama wangu," akasema. "Nimemtoa ndama wangu."

"Mama, kesho saa nne..."

"Kiran, mwanangu, maliza chai. Asante kwa kuja."

Alikataa, ndivyo hivyo. Unaweza kubishana na mtu anayepiga kelele, lakini na anayekukaribisha chai utafanya nini? Kiran akaaga, akaniambia mlangoni kwamba saa kumi na mbili asubuhi atakuwa barabarani na pikapu ya duka, Mama aje, asije.

Alfajiri nilikuwa kihambani, nyuma ya nyumba, chini ya migomba nimejikunja. Baridi inatoka ndani ya mifupa, jasho linatoka nje, kamasi, machozi, tumbo linanisokota. Miezi minane nilikuwa nimesahau. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko vyote, kwamba mtu anasahau kitu kama hicho, kisha anakirudia kwa miguu yake mwenyewe na nauli anatoa.

Mama akaja kukata majani ya ng'ombe, akanikuta. Akasimama na panga lake. Nilidhani atanipita.

"Nitakwenda," akasema.

Nikainua kichwa.

"Lakini nakwenda kupima macho. Umenielewa? Yeyote akiuliza, mimi nakwenda kupima macho."

"Sawa, Mama. Twende sasa hivi."

"Ng'ombe hajakamuliwa."

Niwaeleze nini? Ng'ombe akakamuliwa. Maziwa yakapelekwa kwa jirani. Mama akaoga. Mama akavaa. Mama akatafuta kitambaa cha kichwa kinachoendana na kitenge, akakipata, akaona hakiendani, akaanza upya. Kiran anapiga honi barabarani, mimi nimejiegemeza mlangoni nahesabu pumzi, na mama yangu anajitazama kwenye kioo. Tuliondoka saa mbili kasorobo.

Hatujafika hata kwenye lami, Mzee Kornel huyo kando ya njia. Suti ileile ya jana. Ameinua mkono.

"Usisimame," nikamwambia Kiran.

"Simama," akasema Mama. "Mzee wa kanisa utampitaje?"

Nikatolewa mbele, nikarushwa nyuma kwenye mifuko ya saruji. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika, nikawa nasikia kila kitu.

"Mnaelekea wapi, Mama Godwin?"

"Hospitali, mbe," Mama akamjibu kwa heshima. "Macho yananisumbua."

"Nami naenda hospitali."

"Kuna mgonjwa?"

"Nimeitwa."

Mtu ambaye jana alinadi kuku mpaka watu wakashika mbavu, leo anatoa neno moja kama anang'olewa jino. Nikajua ametunusa. Nikajua anakuja kuchunguza, kesho habari yetu iwe kwenye kila nyumba kutoka Mamba mpaka Marangu Mtoni. Nikamchukia, huku meno yananigongana.

Tulipofika Himo, Mzee Kornel akaomba tusimame.

Jamani! Alikwenda duka la vitambaa. Akachagua, akarudisha, akachagua tena, akamsimamisha muuzaji apime upya. Nilimwona kutoka kule nyuma, nikatamani kuruka nikambebe mgongoni. Akarudi na kitambaa cheupe kimefungwa kwenye gazeti, amekikumbatia kifuani. Cha madhabahu, nikajiambia, na nikakilaani kitambaa, nikailaani madhabahu yenyewe.

Malori ya mpakani yakatubana njia nzima. Tunaingia kwenye uwanja wa hospitali, saa tatu na dakika arobaini na tano.

Mzee Kornel akashuka kwanza. Akapiga hatua tatu, akasimama katikati ya uwanja. Akaganda hapo.

"Mama, shuka."

"Asogee kwanza."

"Hasogei!"

"Basi tusubiri asogee."

Nikamwacha, nikakimbia dirishani huku nimeshika tumbo. Sista Monica aliponiona aliweka kalamu chini.

"Godwin. Nimefurahi umekuja." Alisema hivyo na alimaanisha, ndiyo maana ikaniuma. "Umetumia mara ya mwisho lini?"

"Jana asubuhi."

"Asante kwa kusema ukweli. Mama yuko wapi?"

"Kwenye gari."

"Mlete asaini. Mfamasia akifunga saa nne, sina uwezo wa kukuongezea hata dakika. Kimbia."

Saa ya ukutani ilikuwa inasema zimebaki dakika nane.

Nikarudi nikamshika Mama mkono, nikamvuta. Sijawahi kumfanyia hivyo maisha yangu yote. Akaja, anakaza miguu, Kiran anamsihi kwa nyuma. Tulipompita Mzee Kornel, naye akageuka, akaanza kutufuata kwa hatua ndogo ndogo.

"Shikamoo, Mama," akasema Sista Monica. "Wewe ndiye uliyemsainia Godwin?"

Mama akatazama nyuma. Mzee Kornel alikuwa hatua mbili tu, kifurushi kifuani, anasikiliza.

"Nilisaini zamani," Mama akajibu. "Siku hizi mwanangu amepona. Jana tumemtolea shukrani. Muulize mzee wa kanisa huyu hapa."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mama!"

"Mimi nimekuja kupima macho."

"Mama," Sista Monica akasema taratibu, akasukuma karatasi na kalamu kwenye kidirisha, "ni saini tu. Bila saini yako jina lake linatoka leo."

"Amepona, binti. Utamwandikaje mtu aliyepona?"

Kikanipasuka kifua.

"Sijapona! Mzee Kornel, nilidanganya! Jana nimeshika ile maikrofoni nimevuta, na kete nyingine ilikuwa kwenye soksi! Nenda kawaambie! Nenda katangaze kama unavyotangaza majogoo! Mama ananiua kwa sababu anakuona wewe hapo nyuma!"

Foleni nzima ikageuka. Mateja kwa kawaida hatushangai kitu, lakini siku hiyo wenzangu walishangaa.

Mzee Kornel hakunitazama. Alimtazama Mama.

"Saini, Mama Godwin."

"Mbe, kijana ana homa, hajui anachosema..."

"Anajua. Na mimi nilijua tangu jana alivyosimama pale mbele. Macho kama yake nimekaa nayo nyumbani kwangu miaka mitatu."

"Macho ya nani?"

"Ya Lucky, mwanangu."

Mama akakunja uso. "Lucky si yuko Dar? Si ulituambia yuko bandarini?"

"Niliwaambia. Lucky hajawahi kufika Dar. Alikuwa hapahapa Moshi, nyuma ya stendi." Akameza mate. "Hawa watu wa kliniki waliniita mara mbili nije kumsainia aanze dawa. Mara zote mbili nikawajibu sina kijana Moshi, kijana wangu yuko Dar. Ningesemaje, mimi, na watu wote wananisikia kila Jumapili? Leo polisi ndio wamenipigia. Hawakuniita kwenye dirisha hili."

Akanyoosha mkono kuelekea jengo fupi kule mwisho wa uwanja, lenye mlango wa chuma na machela imeegeshwa nje. Lile jengo hata asiyejua kusoma kibao anajua ni la nini.

"Wanataka nikamtambue," akasema, akikibana kifuani kile kitambaa cheupe, na hapo ndipo nilipojua ni sanda. "Nimesimama pale uwanjani naiambia miguu iende. Haiendi."

Nilitaka kumwomba radhi kwa yote niliyomlaani njiani. Kiran akaniwahi, akamshika mzee bega.

"Ruwa wangu, Mungu wangu," Mama akasema. Mkoba ukamponyoka. Akageukia kidirisha na kunyoosha mkono achukue kalamu.

Kalamu haikuwepo. Karatasi haikuwepo. Mkono wa mtu mwingine, mkono wa koti jeupe, ulikuwa umeshalivuta dirisha, na komeo likalia kwa ndani. Nikatazama saa. Nne na dakika mbili.

Mama yangu hajawahi kupaza sauti mbele za watu isipokuwa kwa kuimba. Siku hiyo alianza kulipiga lile dirisha kwa ngumi. Kitambaa cha kichwa kikaanguka, akakikanyaga. Walinzi wakageuka. Wauguzi wanafunzi wakatoka vyumbani. Wanawake wawili wa usharika wetu, waliokuja kuona mgonjwa wao, wakasimama katikati ya njia na chupa yao ya chai. Mama aliwaona. Niliona kabisa kwamba amewaona.

"Fungua, binti!" akalia. "Nitasaini! Fungua! Mwanangu hajapona! Mwanangu hajapona!"

Halafu kwenye mlango wa pembeni nikasikia ufunguo unazunguka, na sikujua kama ni Sista Monica anafungua au ni mfamasia anafunga.